Unamlea mgonjwa nyumbani na hali ni ngumu? Njia ya kufuata msaada wa Serikali

Jambo hili lilinichukua karibu miaka miwili kulielewa, na nililielewa nikiwa kwenye foleni: hapa Kenya hakuna fomu ya mlezi. Hakuna dirisha pale Huduma Centre, kituo cha huduma za Serikali, utakaloliendea ukasema, "Nimeacha kibarua namlea mamangu, nataka kusaidiwa." Serikali inamjua mzee aliyefika miaka 70. Inamjua mwenye ulemavu mkubwa. Inamjua yatima. Wewe unayeamka saa tisa usiku kumgeuza mtu ubavu, haikujui. Msaada wowote utakaoingia nyumbani utapitia jina la mgonjwa, kitambulisho cha mgonjwa, na hali yake kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Kazi yako ni kuhakikisha imeandikwa.

Katiba haina kigugumizi juu ya hili. Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na usaidizi kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Wote wawili wametajwa. Kifungu cha 43 nacho kinaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa hiyo ukienda kwa chifu huendi kuomba sadaka. Nenda na heshima zako, lakini usiende umejikunyata.

Na usingoje hali itulie ndipo uanze. Mwaka 2020, korona ilipofunga vibarua vya mjini, Serikali ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa simu kwa baadhi ya familia za mitaa ya mabanda. Majina yalikusanywa mbio mbio kupitia machifu na wazee wa nyumba kumi. Aliyejulikana aliingia. Ambaye mzee wa mtaa hakumjua alibaki kusikiliza simu za jirani zikilia. Misaada ya dharura hupita kwenye orodha iliyokwisha kuwepo, na orodha hutengenezwa kabla ya dhiki kufika.

Hatua ya 1: Jua mlango wenu ni upi

Mpango mkubwa ni Inua Jamii, ulio chini ya wizara inayoshughulikia leba na ulinzi wa jamii. Kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na una milango mitatu.

Mlango wa wazee ni wa aliyetimiza miaka 70 na hapokei pensheni. Usajili mkubwa wa 2017 ulimchukua kila aliyefika umri huo bila pensheni, tajiri kwa maskini.

Mlango wa ulemavu mkubwa si wa kila mwenye ulemavu. Ni wa mtu anayehitaji mwangalizi wakati wote: wa kumlisha, kumwosha, kumpeleka msalani, kumlinda asijidhuru au asidhuriwe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa mwenyewe yumo. Mtu mzima aliyepooza yumo. Asiyeona lakini anajitegemea, hayumo. Soma maelezo hayo mara mbili, maana ni hapa tu ambapo Serikali inakiri, japo kwa kuzunguka, kwamba kuna mtu wa pili chumbani.

Mlango wa tatu ni wa watoto yatima na walio hatarini wanaolelewa katika nyumba maskini, mara nyingi na nyanya zao. Hizo 2,000 ni za nyumba nzima. Nyanya mwenye wajukuu watano anapata sawa na mwenye mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dosari mbaya kuliko zote katika mpango huu.

Mtu mmoja hapokei kwa milango miwili. Mzee wa miaka 75 aliyepooza ataingia kwa umri au kwa ulemavu. Mara nyingi umri ni rahisi zaidi, kwa sababu kitambulisho kinajisemea na hakuna wa kubishana nacho.

Mlioko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, pamoja na kaunti zilizoongezwa baadaye kama Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River, ulizeni pia kuhusu HSNP, mpango wa mamlaka ya kukabiliana na ukame. Wenyewe umekuwa ukilipa familia 2,700 kwa mwezi, zikija kwa pamoja kila miezi miwili.

Hatua ya 2: Andaa bahasha kabla hujamwona mtu

Nunua bahasha kubwa ya khaki au faili la plastiki. Tia kitambulisho cha mgonjwa na chako, na fotokopi tatu tatu za kila kimoja. Ikiwa ni mtoto, cheti cha kuzaliwa. Ikiwa ni yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Picha za pasipoti. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, hata kama imechakaa mikunjoni. Na andika juu ya bahasha nambari moja ya simu utakayobaki nayo, kwa sababu wako watu waliopigiwa simu ya kuitwa wakakuta laini ilishapewa mtu mwingine.

Kisha kaa chini usome majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mwanaisha, kadi ya hospitali inasema Mwana Isha, daftari la benki linasema Mwanaesha. Kwa binadamu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni wanawake watatu.

Umri nao uutazame. Wazee wetu wengi walikisiwa mwaka wa kuzaliwa siku waliyochukuliwa alama za vidole. Kitambulisho cha nyanyangu kilisema amezaliwa 1952, na mwanawe wa kwanza alizaliwa 1960. Tulicheka sana nyumbani, lakini ofisini hakuna aliyecheka: mzee anahesabiwa umri ulio kwenye kitambulisho, basi. Anayerekebisha ni ofisi ya usajili wa watu, anataka ushahidi, na hana haraka. Ukiona kasoro, lianze jambo hilo sasa, hata kabla ya kusikia kwamba usajili umefunguliwa.

Hatua ya 3: Chifu kwanza, kisha ofisi ya Maendeleo ya Jamii

Usajili wa Inua Jamii hauko wazi mwaka mzima. Hufunguliwa kwa awamu, Serikali inapoamua kuongeza watu, kama ilivyotangaza 2023 kwamba itaongeza walengwa 500,000. Tangazo hupita redioni, msikitini, kanisani na kwenye baraza la chifu. Likikupita, unangoja awamu nyingine, na inaweza kuwa miaka.

Shida ya mlezi ni kwamba hatoki. Baraza linafanyika saa nne asubuhi, saa ambayo wewe una beseni mkononi. Kwa hiyo tafuta sikio lako nje: jirani anayehudhuria, kijana wa bodaboda wa hapo kituoni, mwenye kibanda cha mboga. Mwambie kabisa, "Ukisikia habari ya kuandika wazee au walemavu, nipigie, hata iwe usiku."

Halafu siku moja mwachie mtu mgonjwa kwa saa mbili uende kwa naibu chifu. Usisubiri awamu. Mwambie kwa kifupi: nyumbani kwangu kuna mtu asiyetoka kitandani, jina lake ni hili, nambari ya kitambulisho ni hii, naomba uliandike na unijulishe usajili ukifunguliwa. Simama hapo mpaka aliandike kwenye daftari lake. Neno la mdomo tu husahaulika kabla hujafika barabarani.

Kutoka hapo nenda ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo yenu. Walezi wengi hawaijui, na ndiyo inayoshika orodha. Chifu yeye hupeleka majina tu. Pata jina la afisa, uliza siku zake za kuwa ofisini. Uliza pia ni nani aliye kwenye kamati ya walengwa ya eneo lenu. Hao ni majirani wanaopokea pesa hizi wenyewe, na wanajua mambo ambayo hutayaona kwenye tangazo lolote.

Fomu ni bure. Kuandikwa ni bure. Mtaani kwetu alipita bwana mmoja na faili kwapani na kalamu mbili mfukoni, akaandika wazee nyumba kwa nyumba kwa shilingi 200 kila mmoja. Alikuwa na lugha tamu na aliwauliza maswali kama afisa kamili. Tulipofuatilia, hakuna ofisi iliyokuwa ikimjua. Anayetaka ya chai ili akuandike, ama hana uwezo wa kukuandika ama angekuandika hata bila chai.

Hatua ya 4: Siku ya kuulizwa maswali

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na wanaangushwa na adabu.

Mamangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Siku maafisa walipokuja, alinituma kabatini nimtolee leso mpya, ile ambayo haijatiwa maji. Nikamvika, nikampaka mafuta usoni, nikamkalisha kwenye kiti chenye mikono na mito miwili ubavuni asiporomoke. Akaingia kijana mpole, amevua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama. U hali gani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, mzima kabisa."

"Unakula mwenyewe, mama?"

"Nakula."

Na kweli anakula. Kijiko nakishika mimi.

"Na msalani unafika?"

"Nafika."

Kwa mgongo wangu. Kijana akaandika, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Mama akaniambia, "Mtoto wa watu yule ana adabu." Fomu ilisema hahitaji mwangalizi.

Sikumlaumu. Nani atamtazama kijana wa umri wa mjukuu wake amwambie kwamba anavalishwa nepi? Lakini ilibidi tuanze upya, na mara ya pili nilijua la kufanya.

Zungumza na mgonjwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Mweleze kwamba wanaokuja hawaji kumtazama kama wageni, wanakuja kuhesabu kazi. Kama bado anaona haya, mwambie hatalazimika kusema yeye. Afisa akifika, msalimu, mkaribishe, kisha mwombe kwa sauti ya chini: "Naomba tukimaliza hapa tuzungumze kidogo pale uani." Uani ndipo utakaposema yote bila kumvunjia mzee heshima.

Ukifika uani, acha maneno kama "anateseka sana" au "ana hali mbaya." Afisa amesikia hayo nyumba kumi tangu asubuhi. Sema matendo na mara ngapi. Anageuzwa kila baada ya saa tatu. Uji anakunywa kwa kijiko, dakika arobaini. Hawezi kuachwa na jiko likiwaka. Juzi aliamka usiku akaelekea barabarani. Chumba nacho usikipambe: acha beseni lilipo, acha mpira wa mkojo ulipo, acha dawa mezani. Nyumba iliyofagiliwa ikanukia udi inamdanganya afisa kabla hujafungua kinywa.

Kinachosaidia kuliko vyote ni daftari la wiki moja. La kwangu lilikuwa daftari la shule la kurasa 48, na ukurasa mmoja ulikuwa hivi: "Jumatatu. Saa 11 alfajiri, shuka limelowa, nimebadilisha, nimemgeuza. Saa 1, uji nusu kikombe, amekohoa mara mbili. Saa 3, nimemwogesha kitandani, kidonda cha kiunoni kimefunguka tena. Saa 5, presha imepimwa, 170. Saa 8, amekataa chakula. Saa 12, Halima kaja kunisaidia kumnyanyua. Saa 4 usiku, dawa. Saa 8 usiku, ameita jina la baba." Siku saba za maandishi ya namna hiyo zina uzito ofisini, na zina uzito hospitalini pia.

Usitie chumvi. Kwenye kamati kuna jirani anayejua kama mgonjwa wako huonekana sokoni. Jina likifutwa kwa uongo, kulirudisha ni kazi kubwa kuliko kuliandikisha.

Hatua ya 5: Kadi ya ulemavu

Hata kama mgonjwa ataingia Inua Jamii kwa mlango wa wazee, tafuta pia usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Watu hudhani kadi hiyo ni ya waliozaliwa na ulemavu. Aliyepooza kwa kiharusi, aliyekatwa mguu kwa sukari, aliyevunjika uti wa mgongo kwa bodaboda, wote wanahusika iwapo hali imekuwa ya kudumu.

Njia yake inaanzia hospitali ya serikali yenye kamati ya kupima ulemavu. Si kila hospitali inayo, wala haikai kila siku, kwa hiyo piga simu au mtume mtu aulize kabla hujakodi tuktuk ya kumbeba mgonjwa. Nilimpeleka mama siku isiyo ya kamati. Kwenda na kurudi, na kijana wa kunisaidia kumpandisha, pesa ya mboga ya wiki iliishia hapo. Ripoti ya kamati ikitoka, inapelekwa NCPWD kwa maombi ya kadi. Kama mtandao unakusumbua, dawati lao liko katika Huduma Centre nyingi.

Ukiwa na usajili huo unaweza kuomba vifaa kupitia baraza: kiti cha magurudumu, magongo, vifaa vya kusikia, fimbo nyeupe. Huchukua muda. Omba mapema, tena kwa maandishi.

Na kama anayeumwa bado ana kipato, tuseme ni mumeo aliyepata ulemavu lakini angali kazini, kadi inafungua mlango wa KRA, mamlaka ya kodi: shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi zinaweza kusamehewa kodi. Msamaha hauji wenyewe. Anapaswa kuuomba, apewe cheti, na akifanye upya muda wake ukiisha. Nyumba ambayo mtu mmoja ameacha kazi ili kumlea mwenziwe inauhisi unafuu huo mwezi ule ule.

Hatua ya 6: Pesa zikianza kuja

Mgonjwa asiyeweza kutoka ana haki ya kuandikisha mlezi wa kumpokelea. Hapa ndipo jina lako linaingia kwenye mfumo kwa mara ya kwanza, nalo linaingia kama mkono wa kupokelea tu. Litie tangu siku ya usajili. Kulibadilisha baadaye kunataka barua, kunataka chifu, kunataka subira.

Chagueni mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Nimeona familia zikimweka kaka mkubwa aliyeko Nairobi kwa sababu ndiye mkubwa, kisha dada anayeosha shuka anaomba pesa ya sabuni kwa simu kama mkopo. Liongeeni jambo hilo mapema, mbele ya mgonjwa mwenyewe akiwa bado anaweza kusema.

Njia ya malipo imebadilika mara kadhaa, benki hii na ile, mawakala, sasa na simu, kwa hiyo thibitisha kwa afisa wa Maendeleo ya Jamii mgonjwa wako analipwa kwa njia ipi. Panapotakiwa alama ya kidole, jua kwamba vidole vya mzee aliyelima maisha yake yote vimesagika na mashine huvikataa. Mwoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, mkaushe, mpake mafuta kidogo uyapanguse, ujaribu vidole vyote kumi. Vikikataa vyote, muulize afisa utaratibu wa mlezi, usikubali kuambiwa tu "rudi mwezi ujao." Namba ya siri usimpe ajenti. Dai risiti kila mara, uibandike kwenye lile daftari.

Sasa hesabu. Elfu mbili ukigawa kwa siku thelathini ni shilingi 66 na senti, takriban bei ya pakiti ya maziwa ya nusu lita. Kiwango hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi, na humo ndani tumepita Oktoba 2022, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 9.6. Pakiti moja ya pampasi za wakubwa ilikuwa inanila zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo zipe kazi moja tu. Sisi tuliamua pesa ya Inua Jamii ni ya dawa za presha na sabuni, basi. Pampasi tulipunguza kwa kushona nepi za vitambaa vya leso kuukuu na kuweka mpira chini ya shuka, na zile za dukani tukaziacha za usiku na za safari ya hospitali.

Usikope dukani kwa kutegemea tarehe ya malipo. Hazina ya Serikali ikikauka, pesa hizi huchelewa. Mwaka 2023 kuna wazee waliokaa miezi bila kitu, kisha zikaja za miezi kadhaa kwa mpigo. Zikija kwa mpigo, nunua dawa za miezi hiyo yote kabla hujalipa deni la mtu. Na kuhusu Hustler Fund, ambayo watu huitaja kila mlezi anapolia shida: ni mkopo wa siku kumi na nne. Kwa mwenye biashara inayozunguka sawa. Kwa mtu aliyefungwa chumbani na mgonjwa, mkopo huo utalipwa kwa pesa gani?

Hatua ya 7: SHA, na mkoba wa mhudumu wa afya

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ni SHA, si NHIF tena. Kosa la kawaida ni mtoto aliyeajiriwa kudhani kwamba asilimia 2.75 anayokatwa inamfunika na mamake. Haimfuniki. Mzazi hujisajili mwenyewe, kwa *147# au Huduma Centre, na mchango wake unahesabiwa kwa hali ya nyumba yake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ukilipwa wa mwaka mzima. Ndugu mkiwa watano, mchango wa mama ni jambo la kugawana mara moja kwa mwaka, na ni rahisi kuliko harambee ya bili ya hospitali. Oktoba 2025 Serikali ilizindua mpango wa kuwalipia wasiojiweza. Uliza kama jina lenu linaweza kuingia.

Hata kabla ya mchango, aliyesajiliwa anatibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Kwa hiyo msajili leo, mchango utafuata.

Halafu mtafute mhudumu wa afya wa kijijini, yule mwenye mkoba. Serikali iliwatoa zaidi ya 100,000 nchi nzima mwaka 2023, na mkobani mna mashine ya presha na ya sukari. Kazi yake ni kupita nyumbani. Kwa mlezi hii ni nafuu ya kweli: kipimo kinakuja kitandani, nauli inabaki, na anayekuja anaandika alichokiona. Ukitaka shahidi wa hali ya mgonjwa mbele ya afisa yeyote, huyu ndiye.

Kama bado una ajira

Sheria ya Ajira ya 2007 haina likizo ya kulea mzazi. Siku za ugonjwa ulizopewa ni za ugonjwa wako wewe. Ulichonacho ni siku 21 za likizo ya mwaka, na unaweza kukubaliana na mwajiri uzichukue kwa mafungu. Omba kwa barua, taja tarehe za kliniki za mgonjwa, ambatanisha kadi ya kliniki. Mwajiri mwenye utu ni rahisi zaidi akupe Jumanne mbili kwa mwezi kuliko ruhusa ya ghafla mara sita. Usimdanganye kwamba unaumwa wewe. Ukibainika, utapoteza kazi na mgonjwa atapoteza dawa.

Pesa ikikwama

Anza na afisa wa Maendeleo ya Jamii, si ajenti. Ajenti hana jibu. Nambari ya bure ya malalamiko ya Inua Jamii ni 1533. Ukipiga, dai nambari ya lalamiko lako, uandike na tarehe, na jina la aliyekujibu.

Kukipita mwezi kimya, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu ukiomba habari kwa maandishi. Barua yenyewe iwe fupi: "Naomba kujulishwa hali ya malipo ya (jina, nambari ya kitambulisho), aliyesajiliwa tarehe fulani, ambaye hajapokea tangu mwezi fulani. Naomba majibu kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mimi niliandika barua moja tu ya aina hiyo, baada ya miezi minne ya "rudi wiki ijayo", na nilipigiwa simu siku ya tisa. Wasipojibu, nakala hiyo yenye muhuri ipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko bila malipo.

Akifariki

Mjulishe chifu ndani ya siku chache, hata kama bado mna matanga. Malipo hukoma, na mlezi anayeendelea kuchukua pesa za marehemu anajitia kwenye kesi. Kama kulikuwa na miezi ambayo hakuwa amelipwa akiwa hai, iulizie kwa barua, ukiambatanisha cheti cha kifo. Kama ulikuwa ukimlea pamoja na wajukuu yatima, usajili wa watoto hao unahitaji mtu mzima mwingine wa kuandikwa mahali pake, na hilo lifanye wiki ile ile, maana shule haitangoja arobaini.

Kiti cha magurudumu usikiweke darini. Mwulize mhudumu mwenye mkoba; atakuwa anajua nyumba ya tatu kutoka kwenu inayobeba mtu mgongoni.